Mzigo Ambao Mama wa Geti Hakuupitisha

Siku yangu ya kwanza katika ile yadi ya nguzo, mama wa geti alinifanya nifungue mzigo mara tatu. Ilikuwa asubuhi ya mvua. Kufikia saa nne nilikuwa nimeshamchukia.

Nilikuwa nimeendesha malori kwa miaka kumi na mmoja, si mtu wa kufundishwa kufunga kamba. Nilikuwa nimetoka upande wa ziwa, nikapanga nyumba Langas na mke wangu, na kazi niliyoipata hapa Eldoret ilikuwa ya kubeba nguzo za stima kwa trela la wazi, lile lisilo na kuta wala paa, sakafu tu ya chuma juu ya magurudumu. Kila upande lina vyuma vinne vilivyosimama wima kuzuia nguzo zisibingirike. Mengine yote ni juu ya dereva: mikanda mipana ya kukazwa na racheti, minyororo, na akili yake. Kampuni ilikuwa imeachisha kazi matanboi wote, wale wasaidizi wa dereva, kwa hivyo kila mmoja wetu alijifungia mzigo wake.

Mama huyo alikuwa na miaka hamsini hivi, mwenyeji wa upande wa Kesses, mfupi, mabega mapana, koti la mvua na gambuti mwaka mzima. Kazi yake ilikuwa kukagua kila trela kabla halijatoka, kisha kutia sahihi kwenye kitabu cha geti. Alitembea na kipande cha bomba la chuma. Hakukagua mikanda kwa macho, aliipiga. Mkanda uliokazwa vizuri ulilia kama waya wa gitaa. Mlegevu ulitoa sauti ya kitu kilichochoka.

Aliupiga mkanda wangu wa pili, akanitazama.

"Umesikia hiyo? Funkua."

"Lakini nimekasa huo, Mama."

"Hukukaza. Umekasa."

Wapakiaji wakacheka mpaka mmoja akashika gurudumu asianguke. Kwetu wengi hatuna ile herufi z ulimini, na mimi nilidhani miaka ya barabarani ilikuwa imeniondolea aibu hiyo. Nikajibu mapigo. Aliposema, "Hii kari haitoki," akimaanisha gari, nikarudia kwa sauti yake, kari, kari, huku nikitembea kama yeye na gambuti zake. Wapakiaji wakacheka tena, safari hii kwa upande wangu. Yeye hakucheka. Alisubiri nimalize, akapiga mkanda wa tatu, akasema, "Na huo pia."

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na kwa karibu miaka miwili hatukubadilika.

Alikuwa na sheria mbili ambazo hakuna dereva aliyezipenda. Ya kwanza ilikuwa mnyororo wa tumbo. Nguzo hupangwa kwa safu hadi ziwe kichuguu, na mkanda unaopita juu hukandamiza zile za juu tu. Za katikati hushikwa na uzito wa wenzao, basi. Kwa hivyo yeye alitaka, mzigo ukifika nusu, upitishe mnyororo kuuzunguka wote, uubane, kisha ndipo foklifti iendelee kupakia. Ukimaliza, unaubana tena na kupitisha wa pili juu yake. Hapo nguzo arobaini zinakuwa kitu kimoja. Kazi hiyo inakula nusu saa na ngozi ya vidole, maana nguzo zikitoka kwenye tangi la dawa huwa na utelezi, na dawa hiyo ikiingia kwenye kidonda utajuta kuzaliwa.

Sheria ya pili ilikuwa kusimama baada ya kilomita kumi za kwanza. Barabara hutikisa mzigo, mzigo unakaa, na mkanda uliokuwa ukilia yadini unakuwa mlegevu kabla hujamaliza mji. "Utashuka, utazunguka, utakaza," aliniambia kila siku dirishani, kana kwamba mimi ni mtoto anayetumwa dukani.

Nilijua alikuwa na haki. Hilo ndilo lililonichoma. Angekuwa mjinga ningemvumilia.

Siku moja nilifunga mzigo kwa saa nzima, nikahakikisha kila kitu, nikapanda juu ya trela nikasimama mikono kiunoni nimngoje. Alizunguka mara moja. Mikanda yote ikalia. Kisha akainama chini ya sakafu ya trela na kuona ndoano moja ya mnyororo imetazama upande usiofaa, ule ambao ingeweza kuchomoka mnyororo ukilegea. Ningeweza kuigeuza kwa dakika moja. Akaniamuru nifungue mzigo wote.

"Kwa sababu ya ndoano moja?"

"Kwa sababu uko huko juu umesimama kama bwana arusi na hujaangalia chini."

Nilimwambia mbele ya wapakiaji kwamba sitaamrishwa na mwanamke asiyejua hata kuwasha gari. Akasema ni kweli, hajui, lakini sahihi kwenye kitabu ni yake, na mimi nikiua mtu Burnt Forest polisi watakuja kwanza kuitafuta hiyo sahihi. Kisha akaenda kukaa kwenye kibanda chake na kumimina chai kutoka kwa thermosi, na sikumwona akiniangalia tena hadi nilipomaliza.

Nyumbani nilimzungumzia kila jioni. Mke wangu, ambaye hushona nguo kwenye kibanda kando ya barabara ya kuingia Langas, alinisikiliza miezi ya kwanza. Baadaye akachoka. "Kwani umeoa mimi ama umeoa huyo mama?" aliniuliza akiwa na pini mdomoni. "Maana mimi hunitaji hivyo."

Nikafanya jambo ambalo hata sasa naliandika kwa shida. Nilimwendea meneja wa usafiri, nikamwambia kwamba mama wa geti ananionea kwa sababu mimi si mtu wa huku. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu madereva waliozaliwa hapa hapa Uasin Gishu, wanaozungumza lugha yake, wakifungulishwa mizigo kama mimi. Mmoja alikuwa mpwa wake, na huyo ndiye aliyeteswa kutushinda wote. Lakini nililisema, kwa sababu nilijua ukabila ni neno ambalo katika mji huu likishasemwa halirudi mahali pake. Meneja aliliandika. Kuanzia siku hiyo mama hakunitania tena matamshi yangu. Alikagua, akapiga, akasema "fungua" au akatia sahihi. Kama aliniogopa au alinidharau, sikujua, na sikujali.

Basi ikafika siku yenyewe.

Mkandarasi mmoja upande wa Eldama Ravine alikuwa amekodi kreni na ilikuwa ikingoja nguzo. Meneja alitaka trela langu liwe limetoka kabla ya saa tatu asubuhi. Nguzo zilikuwa ndefu kuliko zile za kila siku, mita kumi na mbili, zimetoka tangini jana yake jioni na bado zilikuwa zikidondosha dawa. Mvua ilikuwa imenyesha juu yake. Na minyororo yangu ilikuwa imechukuliwa na lori jingine lililokwenda Kitale bila mtu kuniuliza. Nilikuwa na mikanda sita, miwili kati yake imeanza kutoka nyuzi pembeni.

Nilifunga hiyo sita. Nilitia vipande vya tairi kuukuu chini ya ile mibovu ili isisagwe na nguzo. Mama akaja na bomba lake. Mikanda ililia, yote sita. Nikafikiri leo nimempata.

"Mnyororo wa tumbo uko wapi?"

"Umeenda Kitale."

"Basi ngoja urudi kutoka Kitale."

Akageuka kwenda kibandani. Meneja alikuwa akitutazama kutoka mlango wa ofisi. Alikuwa kijana kunishinda, mwenye viatu visivyofaa yadi ya matope, na akaja akirukaruka vidimbwi.

"Mama, hiyo gari inatoka sasa hivi."

"Haitoki. Hii miti bado inatoka jasho. Mikanda peke yake haiwezi."

"Kreni inangoja huko!"

"Kreni haina watoto. Ingoje."

Wapakiaji walikuwa wameacha kazi. Meneja akaingia kibandani, akachukua ufunguo wa geti, akalifungua mwenyewe mpaka mwisho, huku matope yakimpanda suruali. Mama akachukua kitabu cha geti na kalamu, akaandika mstari mzima bila haraka, akakifunga. Kisha akaja upande wangu, akapanda kidato cha lori hadi uso wake ukawa dirishani mwangu. Hakuwahi kunikaribia hivyo.

"Dereva. Yeye amefungua geti, lakini ufunguo wa kari uko kwako. Zima."

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na sitaki kujipunguzia. Meneja hakunilazimisha. Ningeweza kuzima. Kwa kweli nilijua mzigo ule haukuwa mzuri, nilijua tangu naufunga. Lakini niliona uso wa mama umeshindwa. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili nilikuwa nimemshinda mama wa geti, na furaha iliyonipanda kifuani ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Mama," nikamwambia, "toka kwa kari yangu."

Akashuka. Nikatoka.

Nilipita mjini, nikashika barabara ya Kaptagat. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka, mashamba ya mahindi pande zote yanatoa mvuke. Kilomita kumi zilifika. Palikuwa na mahali pazuri pa kusimama, kando ya soko dogo, pana na tambarare, mahali ambapo nilikuwa nimesimama mara nyingi nikikaza mikanda huku nikimtukana kimoyomoyo. Siku hiyo sikusimama. Nilipiga honi nikapita, kana kwamba yeye alikuwa ameketi pale akinitazama.

Mbele, msitu unapoanza kukaribia barabara, ndipo wakimbiaji hupatikana. Kila anayepita huko asubuhi anawajua. Makundi kwa makundi, wembamba, wanakimbia ukingoni mwa lami kana kwamba ardhi haina uzito. Niliwakuta kama kumi na wawili wakija mbele yangu, upande wangu wa kushoto, wakiwa wamejipanga kwa mstari. Nyuma yao, mbali kidogo, alikuwa msichana mmoja mwenye jaketi la manjano akijikaza kuwafikia.

Pikapu ya maziwa ikatoka kwenye barabara ya udongo upande wa kulia, ikaingia lami bila kutazama. Nikakanyaga breki na kukata usukani kuikwepa, kwanza kulia, kisha kushoto. Gari lilinitii. Mzigo haukunitii.

Nilisikia mlio mmoja kama bunduki, kisha wa pili. Ile mikanda miwili mibovu ilikatika. Kioo cha pembeni kikanionyesha nguzo za juu zikipanda chuma cha pembeni kama mbuzi warukao ua, moja, mbili, kisha nyingi. Lori likapepesuka kwa kupungukiwa na uzito. Nilipolisimamisha, nguzo zilikuwa zimetapakaa kwenye mtaro na kwenye nyasi, nyingine zikiendelea kubingirika polepole kuteremka kuelekea miti.

Lile kundi la mbele lilikuwa limeshapita. Msichana wa jaketi la manjano alikuwa ameketi kwenye nyasi, na nguzo moja ilikuwa juu ya mguu wake chini ya goti.

Hakuwa akilia. Alikuwa akisema neno moja kwa lugha yake, tena na tena, sauti ya chini. Wenzake walikimbia kurudi. Tuliinua ile nguzo, mimi na wao, na dawa ilifanya mikono iteleze, tukaishusha tena juu yake kabla hatujaishika vizuri. Hapo ndipo alipopiga kelele. Kelele hiyo sitaiandika.

Walimpakia kwenye ile ile pikapu ya maziwa. Waliobaki walinizunguka. Mzee mmoja aliyetoka shambani na jembe akanitazama, akatazama trela, akaokota kipande cha mkanda uliokatika. Alikipima kwa kidole gumba pale nyuzi zilipochakaa.

"Hii kamba ilikuwa mbaya tangu nyumbani," akasema.

Kofi la kwanza lilitoka nyuma yangu. La pili sikuliona lilikotoka. Nisingekuwa na bahati ya polisi waliokuwa wakipita, sidhani kama ningeandika haya. Sikuwalaumu waliponipiga, wala siwalaumu leo.

Meneja alinifuata kituoni alasiri. Aliniletea maji na mkate. Aliongea kwa upole ambao hakuwahi kunionyesha, akaniita ndugu. Kesi ya barabarani itamalizwa, akasema, nitatozwa faini kisha yaishe. Jambo muhimu ni kampuni ijue mzigo ulitokaje yadini.

"Wewe ulifunga," akasema. "Lakini wa kukagua si wewe. Yeye alikagua, akapitisha. Ni hivyo, ama si hivyo?"

"Kitabu kina maneno yake ya kuukataa mzigo. Aliandika."

"Kitabu kimepotelewa na ukurasa."

Alinipa karatasi na kalamu. Nilikuwa na damu iliyokauka mdomoni. Niliogopa jela, niliogopa kupoteza kazi, na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi miwili. Sababu hizo tatu nilizitaja kwa miaka nilipotaka kujielezea. Ya nne sikuitaja kwa mtu: kwamba mkono wangu haukutetemeka. Niliandika kwamba mama wa geti alikagua mzigo, akapiga mikanda kwa bomba lake, akaridhika, akaniruhusu kutoka. Nikaongeza jambo ambalo meneja hakuniomba. Nikaandika kwamba alinihimiza niharakishe.

Mama aliachishwa kazi wiki hiyo hiyo. Nilikuwa yadini alipokuja kuchukua vitu vyake, thermosi na koti na mwavuli. Wapakiaji walisimama. Mmoja tu ndiye aliyempokea mfuko na kumsindikiza. Aliponifikia alisimama.

"Nimesomewa ulichoandika," akasema. "Una mwandiko mzuri."

Basi. Akaenda zake.

Aliyewekwa mahali pake alikuwa mtu mpole. Alitia sahihi akiwa kibandani, mara nyingine bila kuinua kichwa kwenye simu. Madereva wote walimpenda. Mimi pia nilidhani ningempenda. Badala yake nilianza kuzunguka trela langu mwenyewe mara mbili, mara tatu, nikipiga mikanda kwa spana ya magurudumu, na hata ikilia vizuri sikuamini. Nilisimama kila baada ya kilomita kumi. Nilichelewa kila mahali. Meneja akaanza kunisema.

Mtoto wetu alizaliwa. Nilipokuwa hospitali ile siku ya pili, nikimsubiri mke wangu aruhusiwe, nilikutana na msichana wa jaketi la manjano kwenye benchi la kungojea daktari wa mifupa. Sikumtambua, yeye ndiye aliyenitambua. Alikuwa na magongo mawili, na mguu wake mmoja umekuwa mwembamba kuliko mwingine. Nilikuwa nimepanga mara nyingi kwenda kumwona na kila mara nikapata safari. Nikamwambia pole. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia ni ajali. Akatazama magongo yake.

"Kocha alisema madereva wa nguzo huwa wanasimama pale sokoni kukaza kamba," akasema. "Wewe siku hiyo ulisimama?"

Hakuuliza kwa hasira. Kama angeuliza kwa hasira ningepata la kujibu.

"Sikusimama."

"Kwa nini?"

Sababu pekee iliyokuwepo ni kwamba kusimama kungekuwa kumtii mwanamke fulani niliyemchukia. Ningemwambiaje hilo mtu ambaye mguu wake ndio uliolipa? Nesi akamwita. Akainuka taratibu, akijitegemeza, akakataa mkono wangu.

Jioni hiyo nilimweleza mke wangu yote, pamoja na ile karatasi. Alikuwa akinyonyesha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huyo mama, watoto wake wanakula nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Kajue." Hakunisemesha tena siku mbili.

Nilimtafuta yule mpakiaji aliyembebea mfuko. Akaniambia mama amepeleka malalamiko ofisi ya leba kwamba aliachishwa bila haki, na kesi imesikilizwa mara mbili, na kila mara kampuni inaonyesha karatasi yangu. Aliniambia hivyo akiwa amenipa mgongo, akiendelea kupanga nguzo.

Nilikwenda kwenye kikao kilichofuata bila kualikwa na upande wowote. Chumba kilikuwa kidogo, viti vya plastiki, dirisha lisilofunguka. Mama alikuwa amevaa nguo ya kanisani na kitambaa kichwani. Hakuonekana kama yeye. Aliponiona akaketi wima zaidi, maana alidhani nimeletwa na kampuni kummaliza. Nikaomba kusema. Nikasema nilichoandika kituoni kilikuwa uongo. Nikasimulia geti lilivyofunguliwa na nani, aliandika nini kitabuni, na maneno aliyoniambia dirishani, yote, hata neno langu la mwisho kwake.

Wakili wa kampuni akasimama. "Kwa hivyo wewe ni mwongo," akasema.

"Nilidanganya, ndiyo."

"Ulidanganya lini? Wakati ule, ama sasa?"

"Wakati ule."

"Na uliwahi kuripoti kwa meneja kwamba huyu mama ni mkabila. Huo ulikuwa ukweli, ama uongo?"

Sikutegemea hilo. Sikumtazama mama.

"Huo pia ulikuwa uongo."

"Basi tukuamini katika lipi?" akauliza wakili, akaketi akitabasamu.

Nilidhani nimemharibia mama. Lakini yule mpakiaji alikuja kikao kilichofuata, na wenzake wawili, wakasema waliyoyaona, na hao hawakuwa na uongo wa nyuma wa kushikwa nao. Mama akapewa barua ya kumsafisha jina na haki zake zote. Kampuni ilisema anaweza kurudi kazini. Akakataa. Mimi nilikuwa nimeachishwa siku ileile niliyotoa ushahidi, na meneja aliyaleta mwenyewe mambo yangu getini kwenye gunia, akayaacha matopeni.

Siku ya uamuzi nilimfuata mama kwenye ujia wa ofisi ile ya leba. Alikuwa ameikunja barua mara nne na kuishika mkononi.

"Mama, nisamehe," nikasema.

Alinitazama kama alivyokuwa akitazama mikanda.

"Unataka nikushukuru?"

"Hapana. Nataka unisamehe."

"Ulikaa miezi minane na hiyo karatasi. Mume wangu alikufa katika hiyo miezi minane, akiamini nimeumiza mtoto wa watu. Alikuwa mgonjwa, kila siku ananiuliza, kweli uliangalia hiyo kari? Kweli uliangalia? Mimi mkewe." Sauti yake haikupanda. "Msamaha wako upeleke kwake. Na usiniite Mama."

Akaondoka, barua bado mkononi.

Sasa naendesha trela la mtu mwingine, la wazi pia, nabeba mabati na vyuma vya ujenzi. Msichana wa jaketi la manjano, nasikia, anafundisha watoto wa shule kukimbia. Yeye mwenyewe hukimbia kidogo asubuhi, mbio za polepole, na mguu humuuma wakati wa baridi. Sikumwambia kamwe jibu la swali lake.

Mwezi uliopita nilipeleka mabati Kesses, kwenye nyumba za kupangisha wanafunzi zinazojengwa karibu na chuo. Nilimaliza kushusha saa nane mchana, njaa imenishika. Kulikuwa na duka dogo ng'ambo ya barabara, mlango wazi, mikate imepangwa mbele. Niliingia nikiwa natafuta pesa mfukoni na nikainua macho. Alikuwa yeye, nyuma ya kaunta, miwani puani, akimhesabia mwanafunzi chenji.

Mwanafunzi akatoka. Tukabaki wawili.

"Naomba mkate," nikasema. "Na maziwa pakiti moja."

"Tumefunga."

Mlango ulikuwa wazi. Redio ilikuwa ikiimba. Nyuma yangu wanafunzi wawili waliingia, akawaamkia kwa jina mmoja mmoja na kuwauliza wanataka nini.

Nilitoka nikavuka barabara, nikanunua mkate kwenye duka la pili.